Je, wajua kwa nini nahodha wa Wales alilimwa nyekundu wakati hakukusudia kumuumiza mtu?

Tarehe 15 Oktoba 2011, Eden Park, Auckland, nusu fainali ya Kombe la Dunia la raga. Wales wanaongoza Ufaransa 3-0, dakika ya 18 hivi nahodha wao Sam Warburton, kijana wa Cardiff aliyefikisha miaka 23 siku kumi tu kabla, anamkaba winga Vincent Clerc, anamnyanyua, miguu inaelekea juu, halafu anamwachia. Refa Alain Rolland hajiulizi mara mbili: nyekundu.

Mpaka leo utasikia eti refa aliwabeba Wafaransa kisa babake ni Mfaransa (ni kweli, ila Rolland mwenyewe ni wa Ireland), tena eti Warburton hakuwa na nia mbaya, alimwachia tu, hakumkita, njano ingetosha. Hapo ndo watu wengi wanapotea, manake maelekezo waliyokuwa nayo marefa yalitaja njia mbili za kwenda nyekundu: umnyanyue mtu umkite chini, au umnyanyue halafu umwachie aanguke bila kujali usalama wake. Kwa hiyo kumwachia sio utetezi, ndo kosa lenyewe! Na nia ya mchezaji refa aliambiwa asiihukumu kabisa.

Chukulia vijana wanakupandishia friji ghorofa ya tatu. Wakishalinyanyua ni jukumu lao mpaka litue, wakiliachia katikati ya ngazi huanzi kuuliza walikusudia ama la, unaangalia friji. Sasa Clerc ni mwepesi, Warburton kaingia chini na kwa nguvu, kiuno cha mtu kikishapanda kuliko mabega mwili unajipindua wenyewe, kinachotangulia chini ni shingo na mabega.

Kwamba kadi ndo iliwanyima fainali, hapo mi nasitasita kidogo. Walifungwa 9-8 wakiwa 14 dhidi ya 15, lakini walikosa pia mikwaju, mmoja wa Stephen Jones uligonga mlingoti.

Warburton alifungiwa wiki 3, na baadaye akakubali mwenyewe kwamba refa alikuwa sahihi. 2013 akawa nahodha wa Lions, timu ya pamoja ya England, Wales, Scotland na Ireland, wakaichapa Australia 2-1 kwenye mfululizo wa mechi tatu, na 2018 akastaafu na miaka 29 tu, mwili umegoma.

Ila kituko ni 2017, Eden Park ileile, Lions na New Zealand 15-15, dakika za mwisho refa Romain Poite anawapa wenyeji penalti. Warburton anamfuata kuongea naye, picha zinarudiwa, penalti inageuka skramu (timu zinasukumana kugombea mpira, hakuna mkwaju wa pointi), mechi inaisha sare na mfululizo mzima sare. Na Poite, safari hii, ni Mfaransa kweli.