Yesenin hakutoka shambani moja kwa moja

Wengi humwona mshairi wa Kirusi Sergei Yesenin kama kijana wa shambani asiye na elimu, aliyejaliwa kipaji tu. Si kweli, na dhana hiyo inamnyima jasho lake. Alizaliwa mwaka 1895 kijijini Konstantinovo, mkoa wa Ryazan, akalelewa na babu na bibi mzaa mama. Lakini alisoma shule ya ualimu huko Spas-Klepiki, kisha Moscow akafanya kazi katika kiwanda cha uchapaji cha Sytin, katika idara ya kusahihisha maandishi, huku akihudhuria masomo Chuo Kikuu cha Shanyavsky. Alipobisha hodi kwa mshairi Blok mwaka 1915, alikuwa msomaji aliyepikwa akapikika. Mavazi ya kikulima aliyovaa jukwaani na mshairi mwenzake Klyuev yalikuwa ya maonyesho.

Wala hakuwa mpinga Mapinduzi ya Urusi tangu mwanzo. Aliyapokea kwa shangwe mwaka 1917, akitumaini ukombozi wa mkulima. Lakini Agosti 1920, akiwa ndani ya treni kusini mwa Urusi, alimwona mtoto wa farasi akikimbia kwa nguvu zote kuifukuza treni hiyo. Aliandika barua kuhusu mnyama yule, kisha akamtia katika shairi: kijiji kikishindana na chuma.