Je, nyaya za spika lazima zilingane urefu?

Wengi wanaofunga muziki nyumbani hapa Dar huamini nyaya za spika mbili zikitofautiana urefu, sauti ya upande mmoja huchelewa. Ndiyo maana mita nne za ziada huviringishwa nyuma ya kabati la TV.

Umeme una kasi kubwa mno. Kusogeza spika sentimita 1 tu huchelewesha sauti mara elfu na zaidi kuliko mita hizo nne.

Unene ndio muhimu, hasa waya ukiwa mrefu: shaba ya milimita za mraba 1.5 kwa mita 10 ina ukinzani (kiasi waya unavyozuia umeme, hupimwa kwa omu) wa omu 0.23 hivi, kwenda na kurudi. Kwa spika ya omu 8, ni kidogo.

Ujaribu mwenyewe: zima amplifaya, mwenzako abadilishe nyaya bila kukuambia, kisha usikilize.