Mafao ya askari wa zamani hayaji yenyewe

Wengi huamini kwamba askari wa Marekani akishavua gwanda, mafao humfuata nyumbani. Sivyo. Fidia ya ulemavu hutolewa na serikali kuu, tena kwa aliyeomba. Huko Texas, hapo ndipo tume ya jimbo ya askari wa zamani, iliyoanza 1927, inapoingia: afisa wake huketi na mhusika, hupitia fomu DD 214 ya kutoka jeshini na karatasi za hospitali, kisha humwandalia madai bila kuchukua hata senti. Jimbo nalo lina lake: Sheria ya Hazlewood humsamehe anayestahili ada ya hadi saa 150 za masomo (si saa za ukutani, bali vipimo vya uzito wa kozi) katika vyuo vya umma, na asizozitumia anaweza kumwachia mwanawe.