10,001 si namba tasa

Juzi kwenye tuisheni ya jioni hapa Wete, kijana wa Fomu Tu kaandika ubaoni kwamba 10,001 ni namba tasa, yaani haigawanyiki kamili ila kwa 1 na yenyewe. Kwa nini? "Mwalimu, nimejaribu 2, 3, 5, 7, 11 na 13. Zote zinabakisha." Wenzake wakaafiki. Neno hili nalisikia kila mwaka, skuli hii na ile, na linaniuma, maana ni watoto wenye akili nzuri wanaoacha kazi njiani.

Namba sita kukataa si ushahidi wa kitu. Wengine nao huvuka mpaka: wanajaribu hadi nusu ya namba, yaani 5,000, wakachoka wakakisia. Jamani, tafuteni kipeuo cha pili kwanza, yaani namba ambayo ikizidishwa kwa yenyewe inaleta ile yenu! Cha 10,001 kinapita 100 kwa chembe tu. Kama namba hii ni zao la namba nzima mbili zinazozidi 1, haziwezi zote kuzidi 100, kwa sababu 101 × 101 tayari ni 10,201. Kwa hiyo moja lazima isizidi 100, nayo ama ni tasa ama inagawanyika kwa tasa ndogo zaidi, na namba tasa zilizo chini ya 100 ni 25 tu. Basi tukaendelea naye pale pale ubaoni: 17 inabakisha 5, 19 inabakisha 7, tukateremka hivyo hivyo hadi 73. Haikubaki kitu. Panga karafuu 10,001 juu ya jamvi kwa mistari 73 yenye karafuu 137 kila mmoja, hutabakiwa na hata moja mkononi. Hiyo 73 ni ya 21 katika orodha, na yeye aliishia ya sita.

Hizo 25 zihifadhini kama mnavyohifadhi sura za Kurani chuoni. Nalisema kila wiki na sitaacha.

Na msidhani kosa hili ni la watoto peke yao. Mwanahisabati Pierre de Fermat aliamini kuwa 4,294,967,297 ni tasa. Mwaka 1732 mwanahisabati mwengine, Leonhard Euler, akaonesha kwamba inagawanyika kwa 641.

Kuna wanaosema 1 ni tasa. Siyo. Tasa ina vigawo viwili kamili, 1 ina kimoja. Kila witiri ni tasa? Tazama 9, tazama 15.

Eti namba ikiwa kubwa, vigawo navyo huwa vingi. 1,000,000 ina vigawo 49, lakini 1,000,003 ni tasa, ina viwili tu.

Na tasa haziishi. Euklide, mwanahisabati wa Ugiriki ya kale, alilithibitisha hilo zaidi ya miaka 2,000 iliyopita. Kubwa kuliko zote zilizojulikana hadi 2024 ina tarakimu 41,024,320.

Kesho nawapa 1,000,001. Atakayeishia 97 akaniandikia "tasa" nitamrudishia daftari lake, kwani 101 ndiyo inayofuata, na 101 × 9,901 ndiyo jibu.