Mama Yuko Katuba, Pesa Inatoka Kolwezi: Nani Anamtunza?

Kwenye ofisi yetu ya usaidizi wa sheria hapa Lubumbashi, Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, ugomvi juu ya wazazi wazee huingia mlangoni karibu kila mara na sura ileile. Nitachanganya visa kadhaa viwe kimoja, jirani asije akamtambua jirani yake. Mama ni mjane, anakaa Katuba, mtaa wa hapa mjini, amepata kiharusi na upande wa kuume umelala. Kaka mkubwa anafanya kazi kwenye migodi ya Kolwezi, kila mwisho wa mwezi anatuma pesa kwa simu. Dada yao ndiye anayelala chumba kimoja na mama: anamgeuza usiku, anafua mashuka, anamlisha bukari (ugali) laini kwa mkono wake. Mdogo wao yuko Kasumbalesa, mpakani na Zambia, na simu hapokei. Wakiketi mbele yetu, kaka ndiye anayetangulia kusema: "Mama namtunza mimi." Dada anatazama chini.

Mimi huanzia hapo, kabla ya kufungua sheria yoyote. Pesa ya kaka inaacha ujumbe kwenye simu. Usiku wa dada hauachi kitu. Lakini dada huyo alikuwa na meza ya samaki kwenye soko la Kenya, mtaa wa hapa Lubumbashi, na meza hiyo ameiacha. Basi ninamwomba kaka achukue kalamu: faida ya siku moja ya meza ile, mara siku sita za juma, mara majuma manne. Wengi hunyamaza kabla hesabu haijaisha.

Sasa sheria. Katiba yetu ya 2006, katika ibara ya 40, inasema watoto wana haki na wajibu wa kuwasaidia wazazi wao. Haikutaja kifungua mimba, wala watoto wa kiume peke yao. Sheria ya Familia ya 1987, iliyorekebishwa 2016, nayo inaweka kati ya wazazi na watoto wajibu wa kutunzana ambao mawakili wetu wanauita kwa Kifaransa obligation alimentaire. Jina linanuka jikoni, lakini mzee hahitaji chakula tu: ana dawa za tansio (presha), ana paa linalovuja. Mizani ya wajibu huo ina pande mbili, yaani shida aliyonayo mzazi na uwezo alionao mtoto. Kwa hiyo mwenye mshahara wa mgodini na mwenye kuuza makaa barabarani hawatoi sawa, na kudai watoe sawa eti ndiyo haki ni kumwonea mmoja. Binti aliyeolewa hajaondolewa humo na mahari yake.

Yule wa Kasumbalesa ananishughulisha kuliko wote, kwa maana siku ya kilio ndiye atakayewahi kuuliza karatasi za parsela, yaani kiwanja cha nyumba, ziko wapi. Wachache wanajua kwamba Sheria ya Familia inamgusa. Mrithi aliyeacha kwa makusudi kumpa marehemu matunzo katika ugonjwa wake wa mwisho, hali alibanwa na sheria au desturi kumtunza, anaweza kutangazwa kuwa hastahili kurithi. Ni vilevile kwa aliyevunja kwa hiari yake uhusiano na mzazi. Ila jambo hilo linathibitishwa mbele ya mahakama. Baba wadogo kumfokea msibani hakumwondolei mtu urithi.

Nyumba yenyewe inaleta balaa lake. Baba anapofariki, watoto wanapata robo tatu ya urithi, na hapo wengine hudhani mama amebaki mgeni. Sivyo. Mjane ana haki ya kuendelea kuitumia nyumba aliyoishi na mumewe, pamoja na vyombo vyake. Nimeona familia zikitafuta mnunuzi "kwa ajili ya matibabu ya mama," na mama mwenyewe hajaulizwa. Nimeona pia jambo baya zaidi: pesa ya dawa ikikauka, ghafla mzee anaanza kuitwa mchawi. Mkisikia maneno hayo katika familia, kwanza tazameni ni nani amechoka kulipa.

Na pensheni? Mji huu una jeraha lake. Enzi za Union Minière, na baada yake Gécamines, kampuni ya migodi ya shaba ilitoa nyumba, mposho (chakula cha mwezi), shule na hospitali. Wazee wetu waliiita baba na mama. Kisha kuanzia 2003 wafanyakazi 10,655 wakaondolewa katika mpango ulioitwa wa kuondoka kwa hiari, kila mmoja na fungu lake la pesa ya mara moja. Mzigo wa uzee ulihama siku hiyo kutoka kambi za kampuni hadi mezani kwa watoto, bila mtu kuwaita watoto wakae waupokee. Hata hivyo, msiseme "baba hana kitu" kabla ya kupekua sanduku lake. Aliyekuwa akikatwa mchango wa CNSS, mfuko wa taifa wa hifadhi ya jamii, anaweza kudai pensheni akifika miaka 60, na akifa mjane wake ana fungu lake. Mtumishi wa serikali ana mfuko wake, CNSSAP. Tafuteni hati za malipo za zamani, namba ya uanachama, cheti cha kuacha kazi. Mzee akiwa bado anakumbuka mwaka na jina la mwajiri, kazi ni nyepesi. Akishasahau, mtazunguka sana.

Mahakama ya amani, ile tunayoiita Tripaix, ndiyo yenye kesi za familia na urithi. Lakini mimi huwapeleka watu huko mwisho. Kwanza ni baraza la familia, mama naye akiwepo na kuulizwa, maana kuna wazee wanaojadiliwa kama gunia la mahindi nao wanasikia kila neno. Muandike: nani anatoa pesa, kiasi gani, tarehe gani; nani analala na mama, na ni nani atakayempumzisha walau siku mbili kwa juma. Wote watie sahihi.

Kisha nunueni daftari la shule, likae karibu na dawa za mama. Kila pesa inayoingia iandikwe, kila dawa, kila usiku na jina la aliyekesha.