Kitufe cha Access kinachofungua rekodi uliyoichagua

Tuseme una hifadhidata ya SACCOS ndani ya Microsoft Access. Kuna fomu ya orodha, mstari mmoja kwa kila mwanachama, na kuna fomu nyingine yenye taarifa zote za mwanachama mmoja. Unataka kitufe kidogo mwishoni mwa kila mstari: ukikibofya, fomu ya pili ifunguke ikiwa kwa mwanachama yuleyule.

Kazi hiyo hufanywa na mstari mmoja wa VBA (lugha ya msimbo ndani ya Access), na mitego yake karibu yote ina chanzo kimoja. Fomu ya kwanza haiikabidhi fomu ya pili rekodi yenyewe. Inaikabidhi maandishi yanayoieleza rekodi, kisha Access inakwenda kuitafuta upya kwenye jedwali. Maandishi yakikosewa, au rekodi ikiwa bado haijaingia kwenye jedwali, fomu itafunguka tupu, itafunguka kwa mtu mwingine, au itakataa kufunguka.

Katika mifano yangu jedwali ni tblWanachama. Lina MwanachamaID, namba inayojiongeza yenyewe ambayo ndiyo ufunguo msingi, na NambaUanachama, maandishi kama 00417. Jedwali la mikopo ni tblMikopo, nalo lina MwanachamaID ya mkopaji. Fomu ni frmOrodha, frmMwanachama na frmMikopo.

Fungua frmOrodha katika Design View, weka kitufe kwenye sehemu ya Detail, kipe jina btnFungua. Kwenye Property Sheet nenda Event, kisha On Click, chagua [Event Procedure], bofya nukta tatu za pembeni na uandike:

Private Sub btnFungua_Click()
    If Me.Dirty Then Me.Dirty = False
    If IsNull(Me.MwanachamaID) Then Exit Sub
    DoCmd.OpenForm "frmMwanachama", , , "MwanachamaID=" & Me.MwanachamaID
End Sub

Hesabu mikato. OpenForm ina nafasi saba kwa mpangilio huu: jina la fomu, mwonekano, jina la kichujio, sharti, namna ya kuhariri, aina ya dirisha, na OpenArgs, yaani maandishi ya ziada unayoyatuma kwa fomu. Sharti, ambalo Access yenyewe huliita WhereCondition, ni la nne, kwa hiyo kati ya jina la fomu na sharti kuna mikato mitatu. Ukiweka miwili, sharti lako linaangukia nafasi ya jina la kichujio, na Access italichukulia kuwa jina la kweri (query) iliyohifadhiwa.

Mchawi wa vitufe naye anaweza kazi hii: Form Operations, Open Form, kisha lile chaguo la kufungua fomu na kutafuta data maalumu, halafu unaoanisha nyuga mbili. Kuanzia Access 2007 mchawi huyo haandiki VBA tena, anatengeneza makro (orodha ya amri za kuchagua) iliyopachikwa ndani ya kitufe. Inafaa kwa jaribio la haraka. Kwa mfumo utakaotumiwa na watu, andika VBA, kwa sababu ndani ya makro ni tabu kuona sharti limetokaje, na kuliona sharti ndiyo nusu ya kazi.

Mstari wa Me.Dirty una sababu yake (Me ni fomu yenyewe ambamo msimbo umo). Me.Dirty ni kweli pale mtumiaji anapokuwa ameandika kitu ambacho hakijahifadhiwa. Kuigeuza kuwa False kunalazimisha kuhifadhi. Bila hivyo kuna madhara mawili. Kama amebadilisha namba ya simu kwenye orodha kisha akabofya kitufe, fomu ya pili itaonyesha namba ya zamani, na akiihariri huko rekodi moja itakuwa inabadilishwa sehemu mbili kwa wakati mmoja, hapo ndipo lile dirisha la Write Conflict huchomoza. La pili ni baya zaidi: rekodi mpya. Kwenye majedwali ya Access namba inayojiongeza hutolewa mara tu unapoanza kuandika, kabla ya kuhifadhi. Kwa hiyo MwanachamaID ina thamani, IsNull, inayokagua kama uga ni mtupu, inaipitisha, fomu ya pili inatafuta mtu ambaye bado hayumo kwenye jedwali, na inafunguka tupu. Majedwali yakiwa kwenye SQL Server hali ni tofauti: namba hutolewa baada ya kuhifadhi tu. Ndiyo maana kuhifadhi kunatangulia na ukaguzi wa IsNull unafuata. Kama uga wa lazima haujajazwa, kuhifadhi kutashindikana na msimbo utasimama hapo. Ndivyo inavyotakiwa.

Ukiondoa ule ukaguzi wa IsNull, mtumiaji akibofya kitufe kwenye ule mstari mtupu wa mwisho sharti linakuwa "MwanachamaID=" bila kitu mbele, na Access inatoa kosa namba 3075, la sintaksia.

Sasa aina za data, mahali ambapo muda mwingi hupotea. Namba huandikwa wazi kama hapo juu. Maandishi lazima yazungukwe na ritifaa:

"NambaUanachama='" & Me.NambaUanachama & "'"

Ukisahau ritifaa hizo na thamani ikawa kama KB12, Access itadhani KB12 ni jina la uga, haitaupata, na itakuletea kisanduku cha Enter Parameter Value kikikuuliza KB12 ni nini. Thamani ikiwa 00417 itaisoma kama namba na kulalamika kwamba aina hazilingani, kosa 3464. Kisanduku hichohicho cha Enter Parameter Value hutokea pia pale uga uliotajwa kwenye sharti haumo kwenye Record Source (jedwali au kweri inayoipa fomu data) ya fomu ya pili. Soma neno lililoandikwa ndani ya kisanduku: likiwa jina la uga, tatizo ni Record Source au tahajia, likiwa thamani, umesahau ritifaa.

Kwetu kuna shida ya ziada ambayo vitabu vingi vya Access huipita juujuu. Majina yetu yamejaa ritifaa: Ng'wandu, Nyang'oro, Murang'a, Lang'ata. Andika "Kaunti='" & Me.Kaunti & "'" na kaunti ikiwa Murang'a, maandishi yanaishia kwenye Murang, kisha a inabaki inaning'inia na kosa 3075 linarudi. Dawa ni kuirudufu kila ritifaa iliyo ndani ya thamani:

"Kaunti='" & Replace(Me.Kaunti, "'", "''") & "'"

Weka Replace kwenye kila sharti la maandishi, hata pale unapodhani ritifaa haiwezi kufika. Na kama unafungua rekodi moja, tumia ufunguo msingi wa namba, usitumie jina la mtu. Wanachama wawili wenye jina na ukoo uleule si jambo la ajabu.

Tarehe ni mtego wa kimyakimya. Kompyuta nyingi huku zimewekwa siku kwanza, kisha mwezi. Injini ya Access, ikikutana na tarehe kati ya alama mbili za #, huisoma Kimarekani, mwezi kwanza. Kwa hiyo "TareheMkopo=#" & Me.TareheMkopo & "#" kwa mkopo wa 5 Machi 2024 inakuwa #05/03/2024#, na Access inatafuta mkopo wa 3 Mei. Kinachopoteza watu ni kwamba tarehe 25 Machi inafanya kazi vizuri, kwa kuwa hakuna mwezi wa 25 na Access inajigeuzia yenyewe. Ukijaribu mfumo wako kuanzia tarehe 13 kwenda juu hutaona kasoro yoyote. Mwezi ukianza upya, malalamiko yanaanza. Andika hivi siku zote:

"TareheMkopo=" & Format(Me.TareheMkopo, "\#yyyy\-mm\-dd\#")

Kama tarehe ilijazwa kwa Now(), imebeba na saa ndani yake, na alama ya = haitaipata. Hapo tumia >= ya siku hiyo na < ya siku inayofuata. Kwa walio na kompyuta zenye mpangilio wa Kifaransa, kama zilivyo nyingi Burundi na Kongo, kiasi chenye desimali nacho hugeuka kuwa 2500,5 kikiunganishwa kwenye maandishi, na mkato huo unaivunja sentensi. Kipitishe kwanza kwenye Str().

Sharti likikataa, usilikodolee macho kwenye msimbo. Liweke kwanza kwenye kigeugeu (variable) kiitwacho strSharti, lichapishe kwa Debug.Print strSharti kabla ya OpenForm, kisha bonyeza Ctrl+G ulione lilivyo baada ya kuunganishwa. Mara nyingi kosa linaonekana hapohapo.

Wakati mwingine sharti ni sahihi kabisa na fomu bado inafunguka tupu. Angalia Data Entry kwenye sifa za fomu ya pili. Ikiwa Yes, fomu hiyo huonyesha rekodi mpya tu na rekodi zilizopo hazionekani, sharti liwe lolote. Kuweka acFormAdd kwenye nafasi ya tano kuna matokeo hayohayo. Kama hata visanduku havionekani, sehemu ya Detail imebaki nyeupe tupu, maana yake ni kwamba hakuna rekodi iliyopatikana na fomu hairuhusu kuongeza mpya, ama kwa sababu Allow Additions ni No, ama kwa sababu kweri iliyo nyuma yake haihaririki. Kagua pia viunganishi vya kweri hiyo: ukiunganisha tblWanachama na tblMikopo kwa kiunganishi cha ndani, mwanachama asiye na mkopo hatoki kabisa.

Kwenye comboboksi na orodha, thamani unayoisoma ni ya safu iliyotajwa kwenye Bound Column, si lazima iwe ile unayoiona kwenye skrini. Bound Column huhesabiwa kuanzia 1, ilhali Column() kwenye msimbo huanza na 0. Watu hupishana na safu moja hapo kila mara. Orodha inayoruhusu kuchagua vitu vingi hurudisha Null daima, hata ukiwa umechagua kimoja tu. Ukitumia mwonekano wa Datasheet, vitufe havionekani kabisa. Peleka msimbo uleule kwenye On Dbl Click ya kisanduku cha NambaUanachama.

Kutoka kwa mwanachama kwenda kwenye mikopo yake, sharti ni lilelile, ila kuna jambo la kuongeza. Kichujio huchuja tu, hakijazi. Mtumiaji akiandika mkopo mpya kwenye frmMikopo iliyochujwa, MwanachamaID inabaki wazi na mkopo huo haumhusu mtu. Tuma namba kupitia OpenArgs:

DoCmd.OpenForm "frmMikopo", , , "MwanachamaID=" & Me.MwanachamaID, , , Me.MwanachamaID

Kisha kwenye Form_Load ya frmMikopo:

If Not IsNull(Me.OpenArgs) Then Me.MwanachamaID.DefaultValue = """" & Me.OpenArgs & """"

Usiandike Me.MwanachamaID = Me.OpenArgs mahali hapo. Hiyo inaandika juu ya rekodi iliyo mbele wakati fomu inafunguka, na siku itakapofunguliwa bila kichujio, utakuwa umemhamishia mtu mkopo wa mwenzake. DefaultValue haigusi kitu mpaka mtumiaji aanze kuandika rekodi mpya, hivyo haiachi mikopo mitupu nyuma.

Fomu ikiwa tayari imefunguliwa, OpenForm hubadilisha kichujio chake lakini Form_Load haiendi tena, na OpenArgs hubaki ile ya zamani. Mikopo itakuwa ya Asha, lakini namba inayojazwa kwenye mkopo mpya itakuwa ya Juma. Ifunge kwanza:

If CurrentProject.AllForms("frmMikopo").IsLoaded Then DoCmd.Close acForm, "frmMikopo"

Kuna tahadhari: DoCmd.Close ikikuta rekodi isiyoweza kuhifadhiwa inaweza kuitupa bila kusema neno. Acha fomu ile ihifadhi rekodi yake kwa Dirty = False kabla ya kuifunga. Na acSaveNo ya DoCmd.Close inahusu muundo wa fomu, haizuii wala haihifadhi data.

Kuna wanaotaka fomu ya pili iende kwa mwanachama husika bila kuwaficha wengine, ili vitufe vya mbele na nyuma viendelee kufanya kazi. Hapo unaifungua bila sharti, kisha unaitafuta rekodi kwenye RecordsetClone, nakala ya rekodi za fomu:

With Forms!frmMwanachama.RecordsetClone
    .FindFirst "MwanachamaID=" & Me.MwanachamaID
    If Not .NoMatch Then Forms!frmMwanachama.Bookmark = .Bookmark
End With

Kwa wanachama mia tano kwenye kompyuta moja hutaona tofauti. Data ikiwa kwenye seva na mtandao ukiwa mzito, njia hii inavuta rekodi nyingi bila sababu, ilhali sharti kwenye OpenForm linavuta moja. Mimi huchagua sharti isipokuwa mwenye mfumo amesisitiza.

Imebaki safari ya kurudi. Ukifungua kwa acDialog kwenye nafasi ya sita, ile ya aina ya dirisha, msimbo wa frmOrodha unasubiri mpaka fomu ya pili ifungwe au ifichwe, na ndipo unapoweza kuonyesha mabadiliko. Me.Refresh inaleta yaliyohaririwa lakini haileti rekodi mpya. Me.Requery inaleta yote, ila inamrudisha mtumiaji juu kabisa ya orodha, jambo linalokera mtu aliyekuwa mstari wa 300. Shika namba kabla, rudi kwake baadaye:

Dim lngID As Long
lngID = Me.MwanachamaID
DoCmd.OpenForm "frmMwanachama", , , "MwanachamaID=" & lngID, , acDialog
Me.Requery
Me.Recordset.FindFirst "MwanachamaID=" & lngID

acDialog haina nguvu kwa fomu iliyokwisha funguliwa; msimbo utapita moja kwa moja bila kusubiri, kwa hiyo ule mstari wa IsLoaded, ukiwa na jina la frmMwanachama, utangulie na hapa.