Risala ya mchungaji anayestaafu si hesabu ya ubatizo jamani

Safari hii nimechoka. Kila nikiitwa kuandika risala ya mchungaji anayestaafu, kamati inaniletea tarehe ya kuwekewa mikono, hesabu ya ubatizo na harusi, picha za paa jipya, halafu mzee mmoja ananivuta pembeni, ati "yale mambo ya siasa weka mstari mmoja tu mwishoni, ile haikuwa kazi ya kanisa."

Haikuwa?

Tumwangalie David Gitari wa Kanisa Anglikana la Kenya. Alizaliwa 1937, akawa askofu wa Mlima Kenya Mashariki 1975, askofu mkuu 1997, akastaafu 2002. Hayo ni ya kujaza fomu, ukiyasoma kanisani watu wanatoa simu. Cha kukaa nacho ni mlolongo. Nyinyi vijana hamkuuona: mchujo wa KANU, chama pekee cha siasa Kenya wakati huo, mwaka 1988, wapiga kura wanapanga foleni hadharani nyuma ya wakala wa mgombea, vichwa vinahesabiwa, na anayevuka asilimia 70 amepita, hakuna kura ya siri tena. Na kuna mahali foleni fupi ilitangazwa mshindi mchana kweupe! Sasa mweke mchungaji hapo. Akijipanga nyuma ya huyu, Jumapili atampaje meza ya Bwana yule wa foleni ya pili, na kijiji kizima kilimwona? Ndio maana wachungaji wa NCCK, baraza la makanisa Kenya, waliukataa mlolongo Agosti 1986, kabla hata ya mchujo huo wa 1988. Hapo siasa na uchungaji unavitenganisha wapi, niambie.

Gitari mwenyewe wala hakuwa mtu wa kutaja majina. Alichukua kitabu cha Biblia akakifafanua aya kwa aya, mwaka 1987 alipofika Danieli 6, wakubwa wanaomsukuma mfalme atie sahihi sheria mbaya, wanasiasa wakaruka wenyewe. Aprili 1989 wavamizi wakaingia nyumbani kwake usiku, akapanda juu ya paa akipiga mayowe mpaka majirani wakaja.

Ila risala nayo isidanganye. KANU iliachana na mlolongo Desemba 1990, na hapo kuna mawakili, kuna maandamano ya Saba Saba ya Julai 1990, kuna wafadhili wa nje, mchango wa mahubiri ni upi hakuna anayeweza kuupima, mimi nikiwemo. Kwa hiyo msiniambie niandike "alituletea demokrasia". Naandika alisema nini, lini, na kilichompata.

Ule msemo wa "mtumishi hastaafu" siugusi, pensheni muulizeni mhazini kabla hamjanunua keki.

Na wa kuhojiwa kuhusu mchungaji wenu si kwaya peke yake, kwaya itamsifu tu. Nitafutieni chifu mstaafu aliyegombana naye, nikae naye mchana mmoja na chai.